Posho kwa Kila Mtu? Tuanze na Wazee

Siku hizi yasikika mawazo, katika nchi tajiri na katika nchi zetu pia, kwamba Serikali yapaswa kumpa kila mtu posho ya fedha kila mwezi, awe tajiri au maskini, awe na kazi au asiwe nayo. Wazo hili lafaa lipimwe kwa makini. Nasi twalipima kwa mizani ya Mkoa wa Simiyu, ambako mkulima wa Bariadi, Itilima au Maswa hushika fedha wakati wa kuuza pamba, na miezi mingi iliyobaki hutazama mawingu.

Uzuri wake wa kwanza ni kwamba halichagui. Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, uliozinduliwa mwaka 2012, umewafaa wengi. Lakini hauna budi kuchagua nani aandikwe na nani aachwe. Katika kijiji ambacho karibu wote huona njaa mvua ikikosa, tofauti kati ya aliyeandikwa na aliyeachwa ni ndogo mno. Hapo ndipo huzaliwa manung'uniko na tuhuma za upendeleo. Posho ya wote haina orodha ya kugombewa.

Wapo wasemao kuwa fedha ya bure huzaa uvivu. Wataalamu waliochunguza mpango wa shirika la GiveDirectly katika vijiji vya Siaya na Bomet, nchini Kenya, walieleza mwaka 2023 kwamba hawakuona watu wakiacha kazi; baadhi yao waliacha vibarua wakaanzisha biashara zao wenyewe. Lakini tusisahau kuwa fedha zile zilitoka kwa wafadhili. Hapa kwetu zingetoka katika kodi ya mfanyakazi na ushuru wa mkulima.

Basi na tupige hesabu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7. Tukimpa kila mmoja shilingi 20,000 kwa mwezi, twahitaji shilingi trilioni 14.8 kwa mwaka. Bajeti yote ya Serikali ya mwaka 2023/24 ilikuwa trilioni 44.4. Yaani theluthi nzima ingekwenda, na zahanati, shule na barabara zingegawana kilichobaki.

Iko hatari nyingine. Posho yaweza kugeuzwa kitulizo cha kumnyamazisha mkulima. Katika msimu wa mwaka 2019 wakulima wa pamba walikaa muda mrefu wakingoja malipo ya mazao waliyokwisha kuyatoa. Mtu wa namna hiyo hadai sadaka. Adai haki yake. Posho yoyote isiyofuatana na bei ya haki na malipo ya wakati ni kumpa mtu kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine.

Je, tulitupe wazo lote? La. Zanzibar imetuonyesha njia. Tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 na zaidi hupewa pensheni na Serikali, hata kama hakupata kuajiriwa. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Hakuna anayepimwa umaskini wake, umri watosha.

Katika Simiyu jambo hili ni la uhai. Mwanauchumi Edward Miguel, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005, alionyesha kwamba wilayani Meatu, katika miaka ya ukame au mafuriko, mauaji ya walioshukiwa uchawi yaliongezeka takriban maradufu. Wengi wa waliouawa walikuwa vikongwe, na aghalabu waliowaua ni jamaa zao. Mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka. Njaa iliingia nyumbani, ikamtafuta yule aliyeonekana kuwa mzigo. Bibi aletaye fedha nyumbani kila mwezi si mzigo kwa mtu.

Wazee wa miaka 60 na zaidi nchini walikuwa kama milioni 3.5 mwaka 2022. Kuwapa wote shilingi 20,000 kwa mwezi kungegharimu bilioni 840 kwa mwaka, kiasi kisichofika sehemu mbili kwa mia za bajeti ile. Tukianzia miaka 70, gharama itapungua zaidi. Mzigo huu wabebeka. Basi, ndugu wanachama na wafanyakazi, tuwaulize wawakilishi wetu: lililowezekana Unguja na Pemba, Bariadi lashindikana kwa nini?