Barabara Si Nyoka

Barabara ilijipinda kama nyoka. Sentensi hiyo nimeikuta katika insha nyingi za safari za wanafunzi wenzangu, na mimi mwenyewe niliwahi kuiandika. Leo naipinga.

Sina ugomvi na tashbihi. Ugomvi wangu ni na imani kwamba ukishaipamba njia umeshaieleza. Tumefundishwa kusimulia, kuchora sura ya kitu, kufafanua na kujenga hoja. Tukifika barabarani tunashika kuchora tu, mengine tunayaacha darasani.

Chukua njia za kwetu Masinya, wilayani Busia, upande wa Uganda. Mbali na barabara ya kwenda mpakani, zipo njia za panya zinazokata mashamba hadi Kenya. Msafiri mwenye daftari atasifu vumbi jekundu, migomba na akina mama wenye mizigo kichwani. Mmoja wa akina mama hao ni shangazi yangu. Siku moja alinyang'anywa debe lake la njugu huko njiani, akarudi mikono mitupu. Anayemwandika kama pambo la mandhari anamnyang'anya mara ya pili.

Ufafanuzi ungeanza na mwaka 1902, Waingereza walipolitoa Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika nchi ambayo leo ni Kenya. Wasamia wakabaki pande mbili za mpaka, na ndugu zao, na masoko yao. Hoja ingefuata: mwaka 2018 kilizinduliwa kituo cha pamoja cha Busia ili gari likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Mbona basi mwenye debe moja bado anapita shambani? Nyoka wa tashbihi hawezi kujibu swali hilo.

Waliotutangulia walilijua jambo hili. Katika Safari za Wasuaheli, kitabu alichokichapisha Carl Velten mwaka 1901, Selemani bin Mwenye Chande anasimulia safari ya biashara kutoka pwani kwenda bara. Masimulizi yake hayafichi hongo walizodaiwa na watawala wa njiani. Kwa hiyo msomaji anajua njia ilikuwa ya nani na kuipita kuligharimu nini.

Mtaniambia insha ya safari si ripoti ya wizara, na msomaji anataka kuburudika. Sawa. Lakini hata neno bodaboda, ambalo husemwa lilizaliwa hapa mpakani kwa waendesha baiskeli waliovusha abiria kati ya vituo viwili, linaburudisha zaidi ukijua kwa nini watu walihitaji kuvushwa.

Wenzangu, mkija Masinya karibuni, na vumbi lisifuni mkipenda. Ila kabla ya kuweka kalamu chini, muulizeni shangazi kwa nini hakupita kwenye lami.