Tezi ya Shingo Isihukumiwe kwa Vidole

Katika karne ya 19 mpagazi wa Unyamwezi alibeba pembe kwa miguu hadi Bagamoyo. Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, na mzigo ukamtoka begani. Lakini mgonjwa wa saratani angali anaifuata njia ileile ya pwani, hadi Ocean Road, na mara nyingi hufika amekwisha chelewa. Sababu mojawapo ni tabia ya kupapasa tezi iliyovimba, kuiita kifua kikuu, na kugawa dawa bila ya kupima.

Wapo wanaodai kuwa ultrasaundi ni chombo cha waja wazito tu. Dhana hiyo ni potofu! Tezi salama kwa kawaida ina umbo la haragwe na kiini cheupe. Yenye saratani mara nyingi huviringika na kiini hutoweka. Kweli, kifua kikuu huweza kuiga sura hiyo. Ndiyo maana picha haitoi hukumu, bali huiongoza sindano ya kuchukulia kinyama.

Basi kila chombo kilichopo, Kitete hadi wilayani, kielekezwe shingoni pia. Maradhi ni adui tuliyemtangazia vita. Adui hapigwi kwa kukisia.