Wachezaji wawekewe chakula



Wachezaji wanatoka kwenye mpira saa 12 ya jioni, na palepale kengele ya chakula inalia. Wanaonja bugali kidogo tu, sahani zinarudi jikoni. Wengine wanasema ni kiburi. Hapana! Mtu akikimbia kwa nguvu, damu nyingi inaenda miguuni, tumboni inabaki kidogo, na hamu ya kula inapotea kwa muda. Kisha saa 3 ya usiku njaa inaamka. Jiko limefungwa, usingizi unakataa, na kesho yake wanasinzia kwenye hesabu.

Sisi tunaomba hivi: mazoezi yaishe saa 11, ama jiko liwawekee fungu lao mpaka saa 1. Miguu bila chakula haishindi mchezo, wala mtihani.