MIWANI YA GEMU: VITA VYA PANZI AU VITA VYA FAHALI?

 Ningependa kuingia moja kwa moja katika jambo ambalo mwaka huu limewagawanya wanafunzi wa shule yetu kuliko hata kandanda. Jambo lenyewe ni miwani ya uhalisia pepe, yaani ile miwani mikubwa ambayo mtu akiivaa huona ulimwengu mwingine kabisa na kucheza gemu kana kwamba yumo ndani yake. Wapo walio upande wa Quest, wapo walio upande wa PlayStation, na wapo wanaoapa kwamba Apple ndiye baba yao wote. Sijamwona hata mmoja wetu aliyewahi kuivaa, lakini ubishi wake, wallahi, huanzia darasani ukaishia njia panda ya Minjila.

Kama ungekuwa ubishi mtupu, nisingepoteza wino. Lakini wavulana 12 wa kidato chetu wameanza kuchanga shilingi 100 kila wiki ili wanunue miwani moja kutoka Mombasa, waiweke katika kibanda cha gemu hapa Garsen na kuwatoza watu shilingi 50 kwa dakika 10. Baadhi yao hutoa mchango huo katika pesa za chakula cha mchana. Hoja yao ni kwamba kampuni kubwa za dunia zinagombana, na wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Ati sisi ndio kunguru, tukae tujiokotee. Mimi naona kinyume. Kwa mnunuzi wa hapa kwetu hivi ni vita vya fahali, na wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Hebu nisikilizeni kwanza kabla ya kunicheka na kuuliza msichana anajua nini kuhusu gemu.

Tuanze kwa kuwapa wenzetu haki yao. Miwani hii hufanya kazi kwa kuonyesha kila jicho picha yake, tofauti kidogo na ya jicho la pili, nayo akili huziunganisha ikaona kitu chenye kina. Vihisi vilivyomo hufuata kichwa, hivyo ukigeuka na picha inageuka. Si jambo la jana. Mwaka 1995 kampuni ya Nintendo ya Japani iliuza kifaa kilichoitwa Virtual Boy. Kilionyesha picha nyekundu juu ya giza, watu wakalalamika kwamba kinawachosha macho, na mwaka haukuisha kabla hakijaondolewa sokoni. Kisha mwaka 2012 kijana Mmarekani aitwaye Palmer Luckey, aliyekuwa na miaka 19 tu, alichangisha pesa kwa umma ili kutengeneza miwani ya Oculus Rift. Mwaka 2014 Facebook ikatangaza kuinunua kampuni yake kwa takriban dola bilioni 2.

Hapo ndipo mashindano yalipopamba moto. Mwaka 2016 Rift ilitoka kwa dola 599, HTC Vive ikatoka kwa dola 799 na PlayStation VR ya Sony kwa dola 399. Zile mbili za kwanza zilihitaji kompyuta yenye nguvu, na ya tatu ilihitaji PlayStation 4. Oktoba 2024 Meta, ambalo ndilo jina jipya la kampuni ya Facebook, ilitoa Quest 3S kwa dola 299, nayo haihitaji kompyuta wala waya. Kwa hiyo katika muda wa miaka minane bei ilishuka hadi nusu, na kifaa kikawa bora zaidi. Hilo silikatai. Mashindano yaliwafaa wanunuzi.

Swali langu ni hili: wanunuzi gani? Hebu tupige hesabu kama tunavyofundishwa. Dola 299 ni karibu shilingi 39,000, kabla ya ushuru, usafiri na faida ya mwenye duka. Wavulana 12 wakichanga shilingi 100 kila mmoja hupata shilingi 1,200 kwa wiki. Ili kufikia 39,000 watahitaji wiki 33, yaani karibu mwaka mzima wa shule wa kushinda na njaa. Walio upande wa PlayStation ndio kabisa. PlayStation VR2 ilipotoka Februari 2023 iliuzwa dola 550, na wakati huo haikucheza bila PlayStation 5, ambayo nayo ilinunuliwa kando. Wa Apple sitawajibu. Miwani yao ilitoka Februari 2024 kwa dola 3,499. Fedha hizo zinanunua ng'ombe wangapi pale sokoni, waulizeni wazee wenu.

Bei si tatizo kubwa zaidi. Tatizo kubwa ni kwamba katika mashindano yoyote kuna anayeshindwa, na kifaa cha aliyeshindwa hufa kikiwa bado kizima. Mtaniuliza, kitu kizima hufaje? Mfano ninao. Microsoft ilikuwa na mpango wake wa miwani ndani ya Windows, na kampuni kadhaa zikatengeneza miwani ya kuutumia. Mwishoni mwa mwaka 2023 Microsoft ilitangaza kwamba mpango huo unafungwa, na katika toleo la Windows 11 la mwaka 2024 ukaondolewa. Miwani haikuvunjika, kioo hakikupasuka, lakini mwenye kompyuta yenye toleo hilo jipya alibaki na plastiki ya kuvaa kichwani. Meta nayo ilianza kuuza Oculus Go mwaka 2018 na kufikia mwaka 2020 ilikuwa imeacha kuiuza. Google ilileta Daydream mwaka 2016 na mwaka 2019 ikaitupa.

Sasa nyinyi mnajua vitu vya kielektroniki hutufikiaje huku. Kwanza hutumiwa Ulaya na Marekani, kisha Nairobi, kisha Mombasa, na vikishachakaa ndipo huletwa Garsen tukaambiwa ni bei poa. Simu ngapi tumezinunua namna hiyo, kumbe programu mpya hazikubali? Miwani itatujia kwa njia iyo hiyo. Katika mbio hizi sisi ndio tutakaouziwa farasi aliyekwisha kushindwa.

Hata gemu zenyewe hufungiwa. Kuna mchezo maarufu uitwao Beat Saber, wa kukata vibao kwa panga za mwanga kwa kufuata muziki. Ulitengenezwa na vijana wa Jamhuri ya Cheki na ulichezwa kwenye miwani za kampuni mbalimbali. Mwaka 2019 Facebook ikawanunua. Mwezi wa Juni 2025 ikatangazwa kwamba waliounua kwenye PlayStation hawataletewa tena mambo mapya. Mchezaji hakukosa lolote. Kosa lake ni kuwa alisimama upande wa pili wa fahali.

Na ile bei ya chini inayowafurahisha wenzangu, je, ni huruma? Kitengo cha Meta kinachoshughulika na miwani hizo kilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 17 katika mwaka 2024 peke yake. Mtu hakubali hasara kama hiyo kwa sababu anawapenda vijana wa Tana River. Anataka duka la gemu liwe lake, akaunti yako iwe kwake, na siku moja usiwe na pa kwenda. Mvuvi wa Mto Tana hatii chambo kwenye ndoana kwa kumwonea kambare huruma.

Haya, tuseme miwani imenunuliwa na imefika. Meta yenyewe husema betri ya Quest 3S hukaa kwa takriban saa mbili na nusu. Hao ni wateja 15 wa dakika 10, ikiwa hakuna hata mmoja atakayechelewa kuivua, na mapato ni shilingi 750. Halafu mngoje ijae tena. Laini kubwa ya umeme ya kutoka Rabai kwenda Lamu inapita kwetu, lakini kupitiwa na umeme si sawa na kuwa nao kila saa. Gemu moja ni mzigo mkubwa wa kuteremsha kwa intaneti, na bando mnazijua zinavyoyeyuka. Ikiharibika, fundi wetu wa simu ataifungua kwa imani tu.

Tena kuna afya, ambayo naomba walimu wanisaidie kuisema. Joto la Garsen mnalijua. Wateja 15 watatoa jasho katika sponji moja inayogusa kope za macho. Mapema mwaka 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulienea Mombasa na sehemu nyingine za Pwani, na tuliambiwa tusichangie hata taulo. Fauka ya hayo, watu wengi hushikwa na kizunguzungu wakivaa miwani hii, kwa kuwa jicho linasema mwili unakwenda na sikio la ndani linasema umesimama. Sony huonya kwamba miwani yake si ya watoto wa chini ya miaka 12. Meta ilishusha umri kutoka miaka 13 hadi 10 mwaka 2023, tena kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Na kibandani nani hujaa siku ya Jumamosi? Si ni wadogo zetu wa shule ya msingi?

Mtasema, basi huyu dada anataka tubaki nyuma. La hasha! Mimi naitaka miwani hiyo pengine kuliko nyinyi. Lakini jambo moja linanikera. Katika mashindano yote haya, ya dola hizi na kampuni hizi, sijaona gemu hata moja yenye Mto Tana. Ukingoni mwa mto huu, katika hifadhi iliyotengwa mwaka 1976, wamo mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana, nyani wadogo ambao duniani kote hawaishi porini mahali pengine. Wengi wetu hatujawaona hata kwa picha, na tunajua majina ya majoka ya kwenye gemu.

Kuna jambo zito kuliko hilo. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa hapa Tana Delta katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Sisi tulikuwa watoto wachanga. Leo Mpokomo na Muorma wanakaa dawati moja na ugomvi wao mkubwa ni Quest na PlayStation, na namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kuutazama ukame kwa macho ya mfugaji anayeteremsha ng'ombe mtoni akakuta malka imezibwa na shamba? Au mafuriko kama yale ya 2024 kwa macho ya mkulima anayeamka na kukuta mahindi yamo majini? Chombo cha kumtia mtu katika nafasi ya mwenzake kimeshapatikana. Kilichokosekana ni mtu wa huku wa kukitungia kisa. Wakenya wanaweza. Mwaka 2017 Ng'endo Mukii alitoa filamu ya uhalisia pepe iitwayo Nairobi Berries, na Garsen haina laana.

Kwa hivyo pendekezo langu ni hili. Mwaka 2014 Google ilionyesha kwamba kadibodi iliyokunjwa, lenzi mbili na simu yenye kihisi cha mgeuko vinatosha kuwa miwani ya kuanzia. Iliacha kuziuza mwaka 2021, lakini mchoro wake ulikwisha kutolewa bure kwa watu wote, na kadibodi haisubiri ruhusa ya kampuni. Gharama yake ni shilingi mia kadhaa. Programu za Blender na Godot, za kuchora na kutengeneza gemu, nazo ni za bure, na zinaweza kuwekwa katika kompyuta za shule Mwalimu wa Kompyuta akikubali. Kisa tutakiandika sisi wa Chama cha Kiswahili, kwa Kiswahili.

Nanyi wavulana 12, msinikasirikie. Kabla ya kutoa mchango wa wiki ijayo, muulizeni huyo mwenye duka wa Mombasa maswali matatu tu. Kampuni itaitunza miwani hii hadi mwaka gani? Itacheza bila intaneti? Na kampuni ikiitupa, nitabaki na nini? Akijibu yote vizuri, nunueni, nami nitapanga foleni na shilingi 50 zangu. Asipojibu, rudisheni pesa mle chakula cha mchana, maana hisabati ya saa nane haifahamiki kwa tumbo tupu.

Hoja ya kadibodi nitaileta katika mkutano wa kwanza wa Chama muhula ujao. Anayepinga na aje apinge, ila aje amejitayarisha.

Wenu mwanachama,
Kidato cha Tatu.