Mitambo ya matetemeko isikilize pia milima yetu

ALFAJIRI ya Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang mkoani Manyara ilimeguka na kuteremka ikiwa tope, mawe na magogo hadi katika mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani, vikiwamo Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Nyumba, maduka, mifugo na mashamba vilisombwa au kufukiwa.

Kwa kuwa Hanang ni mlima wa volkano, hofu ya kwanza ilikuwa huenda volkano imeamka. Siku chache baadaye Serikali ilieleza kuwa haikuwa volkano, bali sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ikashindwa kujishikilia. Maelezo hayo yaliwatuliza wengi. Hata hivyo, mkulima wa Hanang bado ana maswali. Je, mlima ulimeguka mara moja au kwa awamu? Ni udongo kiasi gani ulioteremka? Ulichukua dakika ngapi kufika kwa watu?

Sehemu ya majibu hayo inaweza kupatikana katika mitambo ya kupima matetemeko ya ardhi. Watu wengi wanadhani mitambo hiyo hunasa matetemeko peke yake. Ukweli ni kwamba hunasa kila mtikisiko, na poromoko kubwa la ardhi huacha alama ya aina yake.

Mfano ni mtu anayeruka kutoka juu ya mkokoteni: yeye huenda mbele, mkokoteni husukumwa nyuma. Vivyo hivyo, udongo mwingi unapoanza kuteremka kwa kasi, mlima husukumwa upande wa pili. Udongo unapopunguza mwendo na kusimama, msukumo hugeuka. Kwa kusoma misukumo hiyo miwili wataalamu hupata saa ya tukio, muda uliotumika na mwelekeo wa poromoko. Wakijua pia umbali ambao udongo umesafiri, hukadiria uzito na kasi yake.

Njia hii imekwishajaribiwa. Mlima St. Helens wa Marekani ulipomeguka Mei 18, 1980, kumbukumbu za mitetemo zilisaidia kueleza nguvu ya poromoko lake. Mwaka 2013 Göran Ekström na Colin Stark wa Chuo Kikuu cha Columbia walichapisha uchambuzi wa maporomoko makubwa 29 ya kati ya 1980 na 2012. Oktoba 17, 2015, mitetemo ndiyo iliyowajulisha kuwa mlima umeporomoka huko Taan Fiord, Alaska, mahali pasipo na mtu wa kutoa taarifa. Aidha, Septemba 16, 2023, poromoko la Greenland liliangukia majini na kuleta mawimbi yaliyotikisa mitambo duniani kote kwa siku tisa.

Ni kweli kwamba hayo ni maporomoko makubwa mno. Tope kama la Hanang ni dogo kuliko hayo, na halihitaji kituo cha Ulaya bali mtambo uliofungwa karibu na mlima. Katika bonde la Illgraben nchini Uswisi, vinasa mitetemo vilivyowekwa kando ya mkondo huanzisha tahadhari tope linapoanza kushuka. Mitambo hiyo haitabiri siku ya poromoko. Inachoweza kutoa ni dakika chache, na dakika chache zinamtosha mama kuamsha watoto na kuondoka bondeni.

Tanzania si mgeni wa kazi hii. Mwaka 1994 na 1995 watafiti wa Marekani na wenzao wa hapa nchini walifunga vituo 20 vya muda, ambavyo baadhi yake vilipita katika nyanda hizi za kati. Leo Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), yenye makao yake Dodoma, ndiyo yenye jukumu la kufuatilia matetemeko, na Chuo Kikuu cha Dodoma kinafundisha vijana jiolojia.

Kwa mtazamo wa uchumi wa kilimo, jambo hili si anasa ya wasomi. Ukame humnyang'anya mkulima mavuno ya msimu mmoja. Poromoko humnyang'anya shamba lenyewe, na hakuna mbegu bora wala mbolea ya ruzuku inayoota juu ya mawe. Watu wataendelea kulima chini ya Hanang kwa sababu udongo wa volkano una rutuba na mlima una maji. Kuwaambia wahame wote bila kuwaonyesha wapi pana hatari na wapi hapana ni kuwaongezea umaskini.

Ni maoni yetu, kwa hiyo, kwamba mambo matatu yafanyike. Kwanza, kumbukumbu za kila kituo kilichokuwa kikifanya kazi asubuhi ile zichambuliwe, na matokeo yake yapelekwe kwenye mikutano ya vijiji kwa Kiswahili chepesi. Pili, vinasa mitetemo vifungwe kwenye mikondo inayoshuka Katesh, na taarifa zake zisomwe pamoja na vipimo vya mvua vya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Tatu, ramani itakayotokana na kazi hiyo iongoze Halmashauri katika kugawa viwanja na mashamba.

Fedha za kufunga na kutunza mitambo ziingizwe kwenye bajeti, zisisubiri wafadhili ambao mradi ukiisha huondoka na vifaa vyao. Mlima Hanang ulishatikisa ardhi kabla tope halijafika Katesh. Safari ijayo awepo wa kuusikiliza.