Manowari ya Mbao na Watu Wasiochongwa

Neno letu la leo ni manowari. Tumelipata kutoka Kiingereza cha mabaharia wa zamani, na maana yake ni meli ya vita. Nimelichagua kwa sababu ya kijana mmoja wa hapa Nengo aliyeniletea meli aliyoichonga kwa mkaratusi, yenye urefu wa sentimita 71. Kila sentimita yasimamia meta moja ya meli halisi. Ubavuni ameandika kwa rangi nyeupe: Graf von Goetzen.

Kazi yenyewe ni safi. Mkuku umenyooka, bomba la moshi limesimama sawasawa. (Mkaratusi ni mti mkaidi, hupasuka ukikauka; aliyeutuliza hivi ana mkono.) Lakini jina lile lilinikosesha raha.

Goetzen alikuwa mwanajeshi wa Kijerumani aliyeivuka Rwanda mwaka 1894 akafika ziwa hilihili la Kivu. Baadaye alikuwa gavana wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, 1901 hadi 1906. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, majeshi ya serikali yake yalichoma vijiji na mashamba, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Mtu huyo ndiye aliyetunukiwa jina la meli.

Iliundwa Papenburg, ikafunguliwa, ikatiwa katika maelfu ya masanduku hadi Kigoma, na mwaka 1915 ikaelea Ziwa Tanganyika. Ilifungwa mzinga wa manowari Königsberg, iliyoangamia katika delta ya Rufiji mwaka huohuo. Kisha mzinga ulihitajika nchi kavu, ukang'olewa, na mahali pake pakawekwa wa mbao ili kuwahadaa maadui. Kijana wangu, basi, si wa kwanza kuichongea meli hii mzinga wa mti! Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha. Iliibuliwa, na tangu mwaka 1927 inaitwa Liemba.

Wapo watakaosema tusichonge kabisa vyombo vya wakoloni. Siafikiani nao. Kosa haliko katika kuchonga meli, liko katika kuichonga tupu, kana kwamba ilijileta. Boti mbili za Waingereza zilizopigana ziwani humo, Mimi na Toutou, zilikokotwa nchi kavu kupitia Katanga mwaka 1915 kwa magari ya mvuke, ng'ombe, na mikono ya vibarua wa Kiafrika waliofyeka njia na kujenga madaraja. Majina ya boti yanajulikana duniani kote. Ya vibarua hayakuandikwa. Wapenzi wa vielelezo huhesabu kila msumari wa sitaha, lakini mbebaji wa msumari hawamhesabu.

Nilimwambia kijana asilifute jina, bali aandike Liemba ubavu wa pili. Alikataa: meli, alisema, haiwezi kuwa na majina mawili kwa siku moja, na yeye amechonga ya 1915. Hoja yake ina nguvu, nikanyamaza. Nikamwuliza kitu kingine: kwa kipimo chake, mpagazi angekuwa na urefu gani? Akakokotoa: sentimita moja na nusu hivi, kama punje ya harage.

Ameanza kuwachonga. Hadi jana alikuwa amefikisha kumi na mmoja, na kidole kimoja kina bendeji.