Kwa Nini Mtoto wa Sangailu Husubiri Miezi Tisa

Kila mzazi ampelekaye mtoto kliniki hapa nchini huambiwa kwamba chanjo ya surua hutolewa mtoto atimizapo miezi tisa, kisha hurudiwa afikapo miezi kumi na minane. Ni wachache mno waelezwao sababu. Katika wadi ya Sangailu, Kaunti ya Garissa, mfugaji huweza kuwa amekwisha kuhama na ng'ombe wake kuelekea msitu wa Boni kabla ya mwezi huo wa tisa kuandama. Kwake yeye, tarehe iliyoandikwa katika kijitabu cha kliniki huonekana kama inda ya wakubwa wa Nairobi. Kwa nini mtoto asichanjwe sasa, angali hapa, mambo yakaisha?

Swali hilo ni la haki, na mwalimu yeyote wa sayansi anapaswa kuwa na jibu lake.

Wanafunzi wa baiolojia wamefundishwa kwamba virusi viingiapo mwilini, chembe nyeupe za damu ziitwazo seli za B huamshwa, hugawanyika na kuongezeka, na baadhi yake hugeuka kuwa viwanda vya kingamwili. Kiwanda kimoja cha aina hiyo huweza kutoa maelfu ya kingamwili kwa sekunde moja. Lisilotiliwa mkazo darasani ni hili: nani huvifunga viwanda hivyo? Maana visipofungwa ni balaa. Iko saratani ya uboho iitwayo mayeloma, ambapo seli za ukoo mmoja hukataa amri ya kusimama. Protini zinazomwagwa na seli hizo huyadhuru mafigo, nayo mifupa hudhoofika hata ikavunjika kwa jambo dogo.

Mwili wenye afya una breki zaidi ya moja. Virusi vikishafagiliwa, kichocheo chenyewe hutoweka. Seli nyingi za kutengeneza kingamwili hufa baada ya siku chache tu, zikabaki kidogo zilizojificha katika uboho kwa miaka. Ziko pia seli za T ambazo kazi yake ni kutuliza, zilizobainishwa na Mjapani Shimon Sakaguchi mwaka 1995. Lakini breki inayotuhusu leo ni kingamwili yenyewe. Ikishajishika kwenye virusi, huifunika ile sehemu ambayo seli ya B ingeitambua. Tena seli ya B ina kipokezi cha kuamsha na kipokezi cha kulaza. Inapogusa virusi vilivyokwisha kuvikwa kingamwili, vipokezi vyote viwili hunaswa kwa pamoja, na amri ya kulala ndiyo hushinda. Ni kana kwamba seli imeambiwa kwamba silaha zilizopo zatosha. Mmarekani Theobald Smith aliligusa jambo hili mapema mwaka 1909, alipoona kwamba sumu ya dondakoo ikichanganywa na kingasumu iliyozidi kiasi, mnyama aliyedungwa hapati kinga yake mwenyewe.

Sasa turudi kwa mtoto wetu. Katika miezi ya mwisho ya ujauzito, mama humpitishia mwanawe kingamwili zake kwa njia ya kondo la nyuma. Mtoto huzaliwa akiwa amevaa silaha za kuazima. Silaha hizo humlinda, kisha hupungua mwezi baada ya mwezi. Chanjo ya surua ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Ikidungwa mapema, kingamwili za mama huvivamia kabla havijazaana, na seli za mtoto hazipati somo la kutosha. Wataalamu wangali wanabishana ni breki ipi iliyo na nguvu zaidi hapo, ila matokeo hayana ubishi: watoto wengi waliochanjwa mapema mno hubaki bila kinga ya kutegemewa. Ndiyo maana surua inapozuka, kama ilivyotokea katika kambi za Dadaab mwaka 2011, chanjo huweza kutolewa kuanzia miezi sita, lakini dozi hiyo haihesabiwi. Mtoto hudungwa tena afikapo miezi tisa.

Mfugaji wa Sangailu angelielewa hili upesi kuliko wengi wetu. Anajua kwamba ndama asiyenyonya dang'a siku ya kwanza hana maisha marefu. Ng'ombe hampitishii ndama kingamwili tumboni kama binadamu. Humpa kwa maziwa hayo ya mwanzo. Na ndama wa mama aliyechanjwa, kama mtoto wetu, huweza kuipokea vibaya chanjo ya mapema, kwa sababu ile ile.

Kupungua kwa kingamwili, hata hivyo, si kusahau. Mwaka 2006, kabla ya ile homa ya Bonde la Ufa kuzuka Garissa mwishoni mwa mwaka huo, watafiti walipima damu za watu 248 katika iliyokuwa wilaya ya Ijara, ambayo Sangailu ilikuwa sehemu yake. Asilimia 13 walikuwa na kingamwili za virusi hivyo, ingawa mlipuko mkubwa uliotangulia ulikuwa wa 1997 na 1998. Mwili ulikuwa umepunguza kasi ya viwanda bila kuuvunja msingi. Waliokuwa hawajawahi kukutana na virusi hawakuwa na akiba hiyo mvua ilipowafikia; nchini kote watu 155 walihesabiwa kufa kufikia Machi 2007.

Breki hii hii imegeuzwa dawa. Mama mwenye damu ya Rhesus hasi akizaa mtoto mwenye damu chanya, mwili wake huweza kutengeneza kingamwili zitakazomshambulia mtoto wa mimba ijayo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 hudungwa kingamwili zilizotayarishwa, ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, na mwili wake usijisumbue kutengeneza zake. Ajifunguliaye nyumbani, asiyejua kundi la damu yake, saa hizo 72 humpita bila yeye kujua.

Kwa hiyo mwezi wa tisa hausogezwi kwa amri ya serikali wala kwa ombi la mzazi. Kinachoweza kusogezwa ni kliniki. Huduma za afya zi mikononi mwa kaunti tangu 2013, nami sioni udhuru wa kalenda ya chanjo ya Garissa kupangwa kana kwamba wakazi wote wamejenga kando ya lami. Mtoto aliyezaliwa Aprili, mvua za Gu zinapoanza, hutimiza miezi tisa Januari, katikati ya kiangazi cha Jilaal, mifugo ikiwa mbali. Miezi kumi na minane humkuta Oktoba, mvua za Deyr zikianza na njia ya Sangailu ikigeuka tope. Gari la chanjo lenye jokofu linalofanya kazi lingelipaswa kuwa kwenye visima vya malisho mwezi wa Januari, na shule, ambazo zinawajua ndugu wadogo wa kila mwanafunzi, zingeliweza kuwaandikia wauguzi ni boma lipi limehamia wapi.